Anayetoa taarifa asifilisike: barua ya wazi kuhusu homa ya nguruwe Dzaleka

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo na mifugo, Capital Hill, Lilongwe;
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Afya ya Wanyama na Maendeleo ya Mifugo;
Kwa Kamishna wa Wakimbizi;
Nakala kwa mashirika yanayohudumia kambi ya Dzaleka, na kwa wafugaji na wachinjaji wenzangu.

Waheshimiwa,

Nchi hii imetupokea tangu Dzaleka ilipofanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, na wengi wetu watoto wetu wamezaliwa hapahapa Dowa. Mimi ni mama na mfugaji wa nguruwe. Asili yangu ni Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya soko letu, na kwa sababu wafugaji na wachinjaji wa kambini nao wanahusika na haya nitakayoyasema. Wayasome bila mkalimani.

Nitasema jambo langu mapema. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo majirani zetu Wamalawi wanaiita chigodola, inadhibitika pale tu mtu wa kwanza kuiona anaposema siku hiyohiyo. Mtu huyo ni mfugaji. Daktari huja baadaye, na polisi wa kizuizi cha barabarani huja baadaye zaidi. Kwa jinsi mambo yalivyo leo, mfugaji anayesema hupoteza kila kitu, na anayenyamaza huokoa walau nusu. Hesabu hiyo ikibaki ilivyo, kila mlipuko utatukuta tumeshachelewa, sisi wa kambini na ninyi wa Lilongwe.

Hoja zangu ni hizi.

1. Ugonjwa huu hautoi nafasi ya kusubiri.

Anayefuga anaujua. Jioni jike amekula pumba zake vizuri. Asubuhi unamkuta amelala kwenye kona, hataki chakula, hata maji hayataki, na wenzake wamejikusanya juu yake kama wanaosikia baridi. Ukimgusa ni moto mtupu. Joto hupita nyuzi 41. Masikio yanakuwa mekundu, kisha yanageuka rangi ya biringanya, na madoa ya namna hiyo yanatokea tumboni na ndani ya mapaja. Mwenye mimba huitupa. Miguu ya nyuma inayumba, wengine wanaharisha damu, na wengine wanakufa kabla hujaona dalili yoyote. Kirusi kikali kikiingia banda ambalo halijawahi kukipata, huua karibu wote, na mara nyingi wiki mbili hazipiti.

Dawa haipo. Chanjo za kwanza ziliidhinishwa Vietnam mwaka 2022, wataalamu bado wanabishana juu ya usalama wake, na huku kwetu mfugaji hana chanjo yoyote ya kutegemea. Kwa hiyo kinga yote iko kwenye mambo ya kila siku: nani anaingia bandani, nguruwe wanalishwa nini, mzoga unapelekwa wapi, nani anapewa habari na kwa haraka gani.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Daktari wa mifugo Montgomery aliueleza kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921, katika nguruwe wa walowezi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 uliwamaliza nguruwe Kyela na sehemu nyingine za Mbeya, Tanzania, mpakani kabisa na Malawi. Kule kwetu Kivu Kusini haujawahi kwisha. Mwaka 2007 uliingia Georgia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, ukiwa na aina ya kirusi inayopatikana upande huu wetu wa kusini-mashariki mwa Afrika, na mwaka 2018 ukafika China, nchi yenye karibu nusu ya nguruwe wote duniani. Ikiwa mataifa yenye fedha na maabara yamepoteza mamilioni ya nguruwe, mtaelewa kwa nini mfugaji wa Dzaleka mwenye majike mawili hawezi kuachwa apambane nao peke yake.

Jambo moja la kushukuru ni kwamba haumwambukizi binadamu. Bahati mbaya, hilo ndilo linaloifanya nyama ya nguruwe mgonjwa iuzike.

2. Nguruwe mgonjwa hugeuka nyama ndani ya saa chache.

Naomba mlielewe hili kama tunavyoliishi, kwa sababu ndipo ugonjwa unapopatia miguu. Nguruwe wa kambini ndiye akiba ya nyumba. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Mkimbizi haruhusiwi kwenda kutafuta kazi anapotaka. Mkopo wa benki hatuujui. Mtu akinunua mtoto wa nguruwe akamlisha pumba na mabaki ya jikoni, ndani ya mwaka anapata kitu cha kulipia ada, au matibabu, au sare za shule. Akimwona amegoma kula, haanzi kufikiria kirusi. Anafikiria ada.

Basi anampigia simu mchinjaji. Mchinjaji anakuja na baiskeli yake, anaangalia masikio, anajua, na anataja nusu ya bei. Mwenye nguruwe naye anajua, na anakubali. Nguruwe anachinjwa palepale nyuma ya nyumba, damu inapita kwenye mfereji ambamo nguruwe wa jirani wanakuja kunywa, matumbo yanafukiwa juujuu na usiku mbwa wanayafukua. Nyama nyingine inaliwa hapahapa, kwenye vibanda vya akabenzi, yaani nyama ya nguruwe. Nyingine inafungwa kwenye mfuko, inapanda minibasi hadi Lumbadzi au Lilongwe, inakuwa kanyenya, nyama ya vibandani. Mlaji haambukizwi, na nyama iliyopikwa ikaiva vizuri kirusi chake kimekufa. Ila maji yaliyooshea nyama, mifupa, ngozi na vipande vibichi vinavyotupwa jalalani bado vinacho. Ndani ya nyama mbichi kinaishi kwa wiki nyingi, ndani ya nyama iliyogandishwa kinaweza kuishi miaka. Nguruwe wa Lilongwe anayeokota jalalani anaupata ugonjwa uliotoka Dzaleka, na vilevile wa Dzaleka anaupata uliotoka Lilongwe, kwa sababu nyama na makombo yanasafiri pande zote mbili.

Hili haliko kwetu tu. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliofanya kazi na wafugaji wa Uganda waliona jambo lilelile: tetesi za ugonjwa zikisikika, watu huuza haraka nguruwe wote, wazima na wagonjwa, kabla soko halijafungwa. Siwaiti wabaya. Mtu maskini anayeuona mtaji wake unakufa atafanya kinachookoa senti iliyobaki. Anayetaka afanye vingine ampe sababu ya kufanya vingine.

Nitatoa mfano mmoja. Jirani yangu, mjane, alifanya kama inavyopaswa. Nguruwe wake wa kwanza alipokufa hakumuuza, alitoa taarifa. Ofisi iliyohusika sitaitaja, kwa sababu sikuandika kumshtaki mtu. Alisubiri. Walipofika, banda lilikuwa limebaki na mizoga. Aliambiwa aizike kwa gharama zake na asilete nguruwe wengine mpaka aambiwe, na hakuna aliyerudi kumwambia. Waliouza mapema walikuwa na fedha mfukoni. Yeye aliyesema ukweli alikuwa na shimo uani. Mtaa mzima ulijifunza kutokana na hilo, na mliotaka taarifa mmepata mtaa ulionyamaza.

3. Sampuli haiwezi kutoka kambini kwa sababu mfugaji hawezi kutoka kambini.

Homa hii haithibitishwi kwa macho. Yapo magonjwa mengine yanayofanana nayo, na jibu la uhakika hutoka maabara. Maabara Kuu ya Mifugo iko Lilongwe, kama kilomita 45 kutoka hapa. Kwa Mmalawi huo ni mwendo wa asubuhi. Kwa mkimbizi ni suala la kibali. Malawi iliweka masharti yake ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, likiwemo la uhuru wa kutembea, na amri za mwaka 2021 na 2023 za kuwarudisha kambini waliokuwa wakiishi mijini na vijijini zimeyabana zaidi. Sina nia ya kujadili sera hiyo yote katika barua ya nguruwe. Ninachosema ni kwamba mkimfungia mfugaji ndani, basi maabara imfuate yeye.

Ombi langu hapa ni wazi. Awepo afisa mifugo anayejulikana kwa jina na kwa namba ya simu, mwenye wajibu wa kufika Dzaleka siku inayofuata baada ya kupigiwa, akiwa na vifaa vya kuchukulia damu na kisanduku cha barafu. Sampuli ipelekwe Lilongwe kwa usafiri wa serikali au wa shirika. Na majibu yarudi. Nasisitiza yarudi, kwa mwenye banda, kwa lugha anayoielewa, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Mfugaji aliyetoa damu ya nguruwe wake asiposikia tena habari yake, mara ya pili hatatoa.

4. Maelekezo yawe kwa lugha zetu.

Tangazo la karantini la Kiingereza na Kichewa lililobandikwa mlangoni pa ofisi halimfikii bibi wa Kirundi anayefuga nyuma ya soko. Kambi ina redio yake, Yetu, na kila jioni inasikilizwa. Ina makanisa, ina viongozi wa mitaa, ina walimu. Semeni nasi kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi, na semeni kabla ya mlipuko.

5. Mabanda yetu na papasi wake.

Kambi hii ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tuko zaidi ya 50,000. Tangu Mei 2023, polisi walipoanza kuwakusanya watu kutoka Lilongwe na miji mingine na kuwaleta hapa, nafasi iliyokuwa kati ya nyumba na nyumba imekwisha. Banda la nguruwe linaegemea ukuta wa jiko, na upande wa pili wa ukuta huohuo ni banda la jirani. Nguruwe wawili wa wenye nyumba tofauti wanagusana pua kwenye ufa. Mtaalamu akisema weka umbali kati ya mabanda, nauliza umbali huo niutoe wapi.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Kirusi hiki katika pori kinaishi kwa ngiri na kwa papasi wa mashimoni, na ngiri hata haugui. Lakini hapa Malawi papasi hana haja ya ngiri. Miaka ya 1980 watafiti waliokwenda Mchinji, huku kanda ya kati, waliwakuta papasi ndani ya mabanda ya nguruwe na hata ndani ya nyumba za watu, wakiwa na kirusi hai. Kimojawapo cha virusi vinavyojulikana sana katika maabara za dunia kilitoka kwa papasi wa hapa Malawi, mwaka 1983. Papasi hujificha mchana kwenye nyufa za udongo na kutoka usiku kunyonya kwa muda mfupi tu, kisha anarudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila kula, na kirusi kikabaki ndani yake muda wote huo. Nyumba zetu na mabanda yetu yamejengwa kwa matofali ya udongo. Mfugaji anaweza kufiwa na wote, akafagia, akapumzisha banda miezi kadhaa, akaleta watoto wapya wazima, na wakafa tena bila mgeni yeyote kuingia. Kisha anasema amerogwa.

Kwa hiyo tunaomba jambo lisilo na gharama kubwa: watu waje kutafuta papasi katika mabanda ya Dzaleka na vijiji vya jirani. Wakipatikana tutajua kwamba karantini ya barabarani peke yake haitoshi, na kwamba saruji ya kuziba nyufa ni sehemu ya kinga. Wasipopatikana, tutashukuru. Kwa sasa tunafuga gizani. Chuo kikuu cha kilimo cha LUANAR kiko Bunda, nje tu ya Lilongwe, na kina wanafunzi wa tiba ya mifugo wanaohitaji mahali pa kujifunzia kazi. Hapa kazi ipo.

Nafasi ya kufugia nayo izungumzwe. Kipande cha ardhi pembezoni mwa kambi, chenye mabanda yaliyopangwa kwa vikundi, kingetenganisha nguruwe na jikoni zetu na kingemaliza ugomvi na majirani zetu Waislamu ambao nguruwe wanaozurura wanawaingilia uani. Malalamiko yao ni ya haki. Nguruwe aliyefungiwa ni amani ya mtaa na ni kinga ya ugonjwa kwa wakati mmoja. Na penye mabanda hayo pawe na sakafu ya kuchinjia, yenye maji, shimo la damu na mkaguzi, itumike na wakimbizi pamoja na wanakijiji wa Dowa. Leo hakuna anayekagua kinachochinjwa nyuma ya nyumba.

6. Fidia ndiyo kiini cha barua hii.

Sijawahi kumwona mfugaji wa kambini aliyelipwa chochote baada ya nguruwe wake kufa au kuuawa kwa sababu ya homa hii. Najua jibu mtakalonipa, kwamba fedha hazipo. Naomba tuangalie waliopitia njia hii.

Kirusi kilifika Lisbon mwaka 1957 kutoka Afrika, baada ya mabaki ya chakula cha abiria wa ndege kulishwa nguruwe. Kikarudi tena mwaka 1960, na Ureno na Hispania zikakaa nacho kwa miongo kadhaa. Hispania ilianza mpango wake wa kukitokomeza mwaka 1985 na kumaliza mwaka 1995. Haikuwa na chanjo, wala papasi hawakukosekana huko kusini mwake. Ilichofanya ni kuunda vikosi vya madaktari wa mifugo wanaotembea shamba kwa shamba, kupima damu, kuboresha mabanda, kuua makundi yenye ugonjwa, na kumlipa mwenye nguruwe. Mfugaji aliyelipwa alikuwa na sababu ya kuita daktari mapema.

Haiti ilipita njia nyingine. Ugonjwa ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970, mpango uliogharamiwa na Marekani na wengine uliua nguruwe wote weusi wa kienyeji waliosalia nchini, na kazi ikakamilika mwaka 1983. Kirusi kilikwisha. Lakini nguruwe yule ndiye aliyekuwa benki ya mkulima wa Haiti, kama alivyo hapa. Wengi walisema hawakuona fidia yoyote, na nguruwe wakubwa wa kizungu walioletwa badala yake walihitaji chakula cha kununua na mabanda bora kuliko nyumba za wenyewe. Wahaiti wanalisimulia jambo hilo kwa uchungu mpaka leo. Ikiwa siku moja mtaamua kuua nguruwe wote wa Dzaleka ili kulinda mashamba makubwa ya Lilongwe, nawaomba mkumbuke Haiti kabla ya kusaini.

Si lazima fidia iwe fedha taslimu, wala si lazima iwe bei kamili ya soko. Lazima tu iizidi bei ya mchinjaji wa magendo. Anayetoa taarifa siku ya kwanza apewe hati, na banda lake likishasafishwa, likakaa tupu angalau siku 40, na nguruwe wachache wa majaribio wakaishi humo salama, apewe majike wachanga wawili wa kuanzia. Mashirika yanayotugawia mifugo kila mwaka katika miradi ya kujitegemea yanaweza kutenga sehemu ya mifugo hiyo kwa kazi hii. Ni ajabu kwamba tunapewa nguruwe wa kuanzia, wanakufa kwa homa, na mwaka unaofuata mtu mwingine anapewa nguruwe wa kuanzia kwenye mtaa uleule wenye ugonjwa uleule.

Na karantini ikitangazwa, itangazwe na mwisho wake, au na sharti la kuumaliza. Soko likifungwa bila tarehe, biashara haisimami, inahamia usiku.

7. Sisi wafugaji na wachinjaji tuna yetu.

Hapa nawageukia wenzangu, na waheshimiwa wasikie. Ndugu zangu, dume la kuazima linalopita banda kwa banda, likilipwa kitoto kimoja kila mzao, linapeleka homa kwa kasi kuliko gari. Vijana wanaouza sindano za antibaiotiki wanajua kwamba dawa hiyo haiui kirusi, na wanaingia kwa wagonjwa na kwa wazima kwa sindano ileile na viatu vilevile. Msiwafungulie. Makombo ya hotelini yachemshwe nusu saa nzima kabla ya kumwagwa horini; kuni ni ghali, najua, lakini jike ni ghali zaidi. Wekeni beseni la maji yenye Jiki mlangoni na kila anayeingia akanyage humo, hata mchungaji wa kanisa. Nguruwe akifa mzike kirefu, mmwagie chokaa au majivu, msimpe mbwa.

Nanyi wachinjaji, acheni kununua masikio ya zambarau. Mnapata faida ya wiki moja, kisha mnakaa miezi bila cha kuchinja, kama mlivyokaa mara zote zilizopita.

Wapo kati yetu watu waliokuwa matabibu wa mifugo Bukavu, Bujumbura na Kigali, wenye vyeti vyao kwenye mifuko ya plastiki, ambao hapa hawaruhusiwi kuchoma hata sindano. Waheshimiwa, wachukueni, wapeni mafunzo mafupi ya sheria za hapa, wapeni vitambulisho, wawe wahudumu wa mifugo wa jamii chini ya afisa wa wilaya. Hawatamnyang'anya Mmalawi kazi. Watamfikishia afisa habari siku ya kwanza badala ya siku ya kumi.

Waheshimiwa, msisome barua hii kama kilio cha wakimbizi peke yao. Wanakijiji wanaotuzunguka wanafuga kama sisi, wanauza kwenye soko letu, na nguruwe wao wanakufa na wetu. Minibasi inayotoka hapa asubuhi inafika Lilongwe kabla ya saa sita.

Bei ya nguruwe hupanda kuelekea Krismasi, na wakati huo ndipo wanyama wengi zaidi wanapohama kutoka banda hadi banda na kutoka wilaya hadi wilaya. Mvua nazo huanza Novemba, barabara za ndani zikawa tope na kufikika kukawa kugumu. Kwa hiyo tunaomba kikao kabla ya Novemba, hapa Dzaleka, chenye afisa mifugo wa wilaya ya Dowa, mtu wa Idara kutoka Lilongwe, ofisi ya kambi, wachinjaji, machifu wa vijiji vya jirani na wafugaji wenyewe, wanawake wakiwemo maana ndio tunaolisha. Tunaomba kikao hicho kitoke na mambo matatu yaliyoandikwa: namba ya simu ya kupiga, siku ambayo daktari atafika baada ya kupigiwa, na atakachopewa mfugaji aliyepiga. Vyumba vya kukutania tunavyo, na wakalimani tunao. Nawaomba mtupangie tarehe.

Wenu katika kazi,

Mfugaji wa nguruwe,
Kambi ya Dzaleka, Dowa